Povu la Ukutani

Godauni lililokuwa nyuma ya soko la Majengo lilikuwa la ushirika tangu kabla sijaolewa. Mwaka wa neema lilijaa alizeti na karanga hadi karibu na paa. Mwaka wa njaa walibaki popo. Ushirika ulipokufa likauzwa, akalinunua mfanyabiashara mmoja wa pale pale Majengo, mtu mzima wa kanzu safi na maneno machache. Watu walisema wazee wake waliingia Ugogo na misafara ya pembe za ndovu, wakapumzika, wakasahau kuondoka. Sokoni tulimwita Mzee, basi. Mimi nilikuwa na meza ya uwele na karanga karibu na mlango wa godauni hilo, kwa hiyo yaliyotokea humo ndani niliyapata kwa pua kabla sijayaelewa.

Mume wangu alikuwa seremala katika shirika moja la umma. Shirika lilipoambiwa lijitegemee, lilianza kwa kupunguza watu, na yeye akawa katika kundi la kwanza. Alirudi nyumbani na randa yake na msumeno, akafunga turubai uani, akaanza kutengeneza stuli na meza. Lakini mtaa mzima ulikuwa umepunguzwa, na kila aliyepunguzwa alikuwa anatengeneza kitu. Wa kununua hakuwepo. Mume wangu alikuwa mtu wa Kibakwe, wa milimani, mpole, mwenye mikono mikubwa na tabia ya kuimba kwa sauti ya chini anapopiga randa. Miezi ile aliacha kuimba.

Asubuhi moja Mzee alisimama mezani kwangu, akanunua karanga ambazo nadhani hakuzihitaji, akaniuliza kama baba watoto bado ana vifaa vyake. Nilimjibu kabla hajamaliza kuuliza. Alikuwa anataka kugeuza godauni kuwa chumba cha baridi. Ng'ombe wa Ugogo, alisema, wanasafirishwa hai hadi Dar es Salaam wakachinjwe huko, na zabibu zetu zinachacha kabla hazijafika Morogoro. Akiweza kuziweka kwenye ubaridi, watu wa mbali watamfuata yeye. Biashara sasa ni huru, alisema, na atakayekaa ataachwa amekaa.

Mume wangu alianza na kazi aliyoijua. Alipiga fremu za mbao kuta zote za ndani, yeye na fundi mwashi mmoja kijana wa Kondoa, mtu mcheshi aliyeniita shemeji tangu siku ya kwanza. Baada ya hapo akaja fundi mwingine kutoka Dar na mashine yake nyuma ya pikapu, pamoja na mapipa mawili mawili ya rangi tofauti. Dawa ya pipa moja ilikuwa nyeusi ya kahawia, nzito, kama chai iliyochemka ikasahaulika. Ya pipa lingine ilifanana na asali. Kila moja peke yake ilikaa kimya. Zilipokutana kwenye mdomo wa bunduki ya kupulizia, zilitoka kama mvuke, zikashika ukuta, na papo hapo zikaanza kuumuka kama unga wa maandazi wenye hamira nyingi. Kufumba na kufumbua likawa povu nene la rangi ya maziwa, kisha likakauka, likawa gumu. Mume wangu alituletea kipande nyumbani. Kilikuwa chepesi kama hakipo. Watoto walikirushiana mpaka kikavunjika.

Yule fundi wa Dar alivaa nguo moja kutoka kichwani hadi miguuni, na usoni maski nzima ya kioo yenye mpira mrefu uliotoka nje ya godauni kumletea hewa. Wapita njia walimcheka, wakamwita mrina asali. Alikaa nao majuma machache, akawafundisha kushika bunduki, kusukuma mashine na kupasha mapipa moto asubuhi yasigande na ubaridi wa Juni. Siku ya kuondoka aliwasimamisha mlangoni akawaeleza mambo haraka haraka, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, dereva akiwa ameshawasha gari. Mtu asipulize bila maski. Mtu mwingine asiingie mpaka hewa isafike. Maji yasiguse dawa nyeusi. Moto usikaribie povu hata likiwa limekauka. Mume wangu alinieleza yote jioni ile kama mtu anayesimulia jambo la fahari, kwa sababu alikuwa ameachiwa bunduki. Maski ya mpira ilirudi Dar na mwenyewe. Wao waliachiwa maski ndogo mbili zenye vichujio vya kuchomeka pembeni.

Vichujio vile havikudumu. Vilipochoka, hewa ikawa haipiti, wakavitoa na kufunga vitambaa vilivyoloweshwa maji. Mzee aliagiza vingine. Lori likaja, likashusha mapipa, vichujio havikuwemo. Akaagiza tena. Lori likaja tena na mapipa. Sikuwahi kuona kwamba Mzee alifanya hivyo kwa ubaya. Yeye mwenyewe aliingia humo na kanzu yake, mikono nyuma, akikagua kuta kama mtu anayekagua shamba, akatoka akipangusa macho. Alichokijua yeye, na alichokijua kila mtu Dodoma, ni kwamba dawa yoyote inaoshwa na maziwa. Kwa hiyo kila asubuhi aliwaletea maziwa fresh, akisimama kuhakikisha wameyamaliza.

Mambo yalianza kidogo kidogo. Kwanza macho, mekundu kama ya mtu aliyepuliza kuni mbichi. Halafu mikono. Dawa nyeusi ikigusa ngozi ilikauka ikawa doa la kahawia lisilosikia sabuni wala mchanga. Lilitoka lenyewe na ngozi. Halafu kikohozi. Mwanzoni hakikunitisha, maana Dodoma ya kiangazi nani hakohoi na vumbi lile. Lakini mimi nilikuwa nauza mezani pale na kuishi naye nyumbani, nikaanza kukiona kikohozi kinavyofuata kalenda. Jumatatu kilikuja jioni, kikavu. Katikati ya juma kilikuwa na mluzi, kama mlango usiofungika vizuri siku ya upepo. Jumapili kanisani aliimba na wenzake bila shida. Jumatatu kilirudi.

Yule mwashi wa Kondoa hakuwa na kitu. Walivuta hewa ile ile, wakafunga vitambaa vya aina moja, wakanywa maziwa ya sufuria moja, naye akatoka kila siku anapiga mluzi wa mdomo na kudai chakula. Hilo ndilo lililotupoteza. Ingekuwa ni dawa, watu walisema, mbona mwenzake mzima?

Nikaja kuamini kwa sababu ya pipa.

Dodoma pipa tupu ni mali. Bomba la mtaani kwetu lilitoa maji lilipojisikia, na mwenye pipa alilala usingizi ambao mwenye ndoo hakuujua. Mapipa ya godauni yalipoanza kulundikana, wanawake walikuja kuyaulizia kutoka kila upande. Mzee alitupa sisi moja kama zawadi, lile la dawa nyeusi. Nilikusudia kumpelekea mama yangu Mvumi, aliyekuwa bado anachota maji kwenye visima vya mchanga mtoni. Nilimimina humo ndoo ya maji na sabuni ya unga, nikalitikisa, nikafunga kifuniko chake kidogo cha kuzungusha ili uchafu ulowe, nikaliacha uani juani. Mume wangu alikuwa bado kazini.

Nilikuwa napepeta uwele niliposikia sauti. Ngo. Nikadhani ni mtoto ametupa jiwe. Baada ya muda, tena, ngo, nzito zaidi. Nikageuka nikaliona pipa halina tena umbo lake. Mfuniko wa juu uliokuwa bapa ulikuwa umetuna kama tumbo la mbuzi mwenye mimba, na ubavuni bati lilikuwa linajisukuma nje polepole, huku nikiliangalia. Jirani yangu alichungulia juu ya ukuta, akasema humo mna kitu hai. Nikawaita watoto. Sikuwaita kwa sauti kubwa. Nadhani niliogopa lile pipa lisije likanisikia.

Mume wangu alifika wakati huo huo, baiskeli mkononi. Aliliona, akaniuliza neno moja tu, kama nimetia maji. Nikamwonyesha ndoo. Akatuondoa sote uani, hata kuku akawafukuza, tukasimama nyuma ya ukuta wa jirani. Haikuchukua muda. Kifuniko kiliruka kwa mlio uliowatoa watu majumbani, kikatoboa bati la choo, ubavu wa pipa ukapasuka, na pale kifuniko kilipotoka pakaanza kumiminika povu, la kahawia, zito, likitambaa chini ya pipa hadi kwenye mahindi niliyokuwa nimeanika. Likaganda pale. Mahindi yale tuliyafukia.

Hakuna aliyeumia. Watu walicheka baadaye, kama watu wanavyocheka jambo likipita. Mume wangu hakucheka. Alisimama akiangalia lile pipa lililopasuka, akakohoa, na mimi nikausikia ule mluzi kifuani mwake kwa sikio jipya. Kilichokuwa kimebaki ndani ya pipa kilikuwa kidogo, cha kupaka kidole. Kimekutana na ndoo moja ya maji, kikapasua chuma. Na mtu ndani yake ni majimaji matupu, kuanzia macho mpaka mapafu. Yeye alikuwa anavuta kitu hicho tangu Juni.

Kesho yake nilikwenda kwa Mzee. Nilimsalimia shikamoo, nikamweleza lile pipa bila kuongeza wala kupunguza. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Akaniuliza mara mbili kama watoto wako salama. Kisha akatoka, akamwita yule mwashi, akamwambia achukue nyundo na tindo, ayatoboe mapipa yote yaliyobaki, matundu juu na chini. Wanawake waliokuwa wamekuja na mikokoteni walisimama wakiangalia mali ikiharibiwa. Wakajua ni mimi. Mmoja ambaye tulikuwa tunakopeshana chumvi aliniambia kwamba nimejifunza roho mbaya tangu mume wangu apate kazi kwa tajiri. Meza yangu ilipoa kwa muda mrefu baada ya siku ile. Na mapipa yaliyokuwa yameshauzwa kabla, mengi tu, yalibaki huko yaliko. Moja niliwahi kuliona mlangoni kwa mama mmoja anayepika pombe. Nilimwambia. Akasema analisugua kila wakati.

Lakini kazi haikusimama. Mapipa yalitobolewa, kuta zilikuwa bado nusu. Mume wangu aliniahidi kwamba akimaliza chumba kile hatashika bunduki tena. Alikuwa anashindwa kupanda baiskeli wakati huo, anaikokota. Jioni alikaa kitandani ameshika magoti, mabega yakipanda na kushuka, akivuta hewa kama mtu anayevuta kamba ya kisima kirefu. Alikonda. Na miaka hiyo mtu akikohoa na kukonda, watu hawakuhitaji kuuliza. Ugonjwa ulikuwa mmoja, na hawakuutaja jina. Wateja walianza kupokea karanga kwangu kwa ncha za vidole. Shemeji zangu walikuja kutoka Kibakwe, wakakaa siku mbili, wakasema wanajua mganga. Mmoja wao aliniangalia mimi wakati anasema.

Chumba kilipokamilika nilimpakia kwenye basi la Mvumi. Nilimwambia tunakwenda kumsalimia mama, na hiyo ilikuwa kweli, lakini pale kuna hospitali ya misheni na nilikuwa nimeazimia. Mama yangu alitupokea kwa mbukwenyi, salamu ya Kigogo, akamtazama mkwewe muda mrefu, akaenda kumchinjia kuku.

Hospitalini walimpima makohozi, siyo kifua kikuu. Wakampima damu, na ule ugonjwa wa watu kunong'ona hakuwa nao. Nililia kwenye benchi la nje, nikidhani tumepona. Kisha tukaitwa kwa daktari, mwanamke wa makamo, mtulivu, aliyekuwa na namna ya kuuliza jambo halafu kuweka kalamu chini asikilize. Alimuuliza kazi anayofanya. Mume wangu akasema seremala. Akamuuliza mbao gani, na vumbi lake, na kama huwa anakohoa akipiga randa. Hapana. Ndipo mimi nikasema habari ya povu. Daktari alituomba tumweleze tangu mwanzo, mapipa, rangi, vitambaa, hata lile lililopasuka.

"Jumapili unajisikiaje?" alimuuliza.

"Jumapili nakuwa nafuu."

"Na tangu ufike hapa Mvumi?"

Mume wangu akafikiri. Akasema jana alishuka hadi kisimani akapanda kurudi, na hakusimama njiani. Alisema hivyo kwa mshangao, kana kwamba ndiyo kwanza anajisikia mwenyewe.

Daktari alisema hajawahi kumwona mgonjwa wa povu kama hilo, ila alisomea habari za watu wa viwandani, wanaotengeneza magodoro na kupuliza rangi za magari, ambao dawa za jamaa hiyo huwaharibu kifua. Wengine wanafanya kazi hiyo hadi uzeeni na hawapati kitu. Wengine mwili wao unafika mahali unakataa. Hakuna anayejua mapema atakuwa nani.

"Wako umeshakataa," alimwambia. "Na ukikataa haurudi nyuma. Kipimo kilichokuwa kinakukohoza mwaka huu, mwakani kinaweza kukuua. Hata kidogo. Hata ukisimama mlangoni."

Mume wangu akauliza, "Nikipata maski nzuri, kama ya yule fundi?"

"Ingekusaidia kabla. Sasa isikudanganye."

"Na maziwa?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Kunywa maziwa, ni chakula kizuri," akasema. "Lakini maziwa yanakwenda tumboni, baba. Hayapiti huko."

Alimpa vidonge na kopo la kupuliza mdomoni, akamwonyesha jinsi ya kulitumia. Mume wangu alilishika kopo lile kwa mashaka. Kilikuwa tena kitu cha kupuliza.

Tulikaa Mvumi msimu mzima wa mvua. Alilima na mama, akala ugali wa uwele na mlenda, akanenepa. Mluzi ukapotea. Siku moja nilimsikia akiimba nyuma ya zizi, na nikasimama pale pale na kuni zangu kichwani nisije nikamkatisha. Kama ningeweza kuuchagua mwaka mmoja wa kuufunga, ningeufunga pale.

Ujumbe wa Mzee ulikuja kwa mdomo wa dereva wa basi. Chumba cha baridi kimejaa, nyama inatoka, zabibu zinangoja, anataka kufungua chumba cha pili. Mwashi atashika bunduki. Yeye anamtaka mume wangu asimame nje tu, aelekeze. Mshahara wa msimamizi.

Nilipanda basi peke yangu kwenda kumwambia hapana. Nilimkuta Mzee kwenye kiti chake mlangoni. Godauni sasa lilikuwa linanguruma kwa mashine ya ubaridi, na mama lishe wa karibu walikuwa wanawashia majiko kwa mabaki ya povu, moshi mweusi unaokwaruza koo. Niliwakataza nikipita. Wakaniambia linashika moto kuliko mafuta ya taa.

Nilimweleza Mzee maneno ya daktari, neno kwa neno. Hakunibishia. Alisema, "Mwanangu, mimi nimemwombea dua mumeo kila Ijumaa. Hataingia ndani. Nitakaa mlangoni mimi mwenyewe nimzuie." Nikamwambia daktari amesema hata mlangoni. Akaniuliza, bila hasira, kama daktari huyo atatulisha. Kisha aliangalia pembeni kwa aibu, kwa ajili yangu na kwa ajili yake.

Kumbe mume wangu alikuwa ameshaamua kabla sijarudi. Alisema mwanamume hawezi kula kwa mkwewe mwaka mzima. Alisema atasimama upande upepo unakotoka. Alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa kwamba kazi ikiharibika ataiona.

Iliharibika siku ya tatu, asubuhi, soko likiwa limechangamka. Nilikuwa mezani kwangu. Bunduki iliziba upande mmoja, ikawa inatoa dawa nyeusi peke yake, na mwashi hakugundua; akaendelea kupaka ukuta kitu kisichoumuka, kinachochuruzika. Mume wangu aliona kutoka mlangoni. Aliita, mashine ikameza sauti. Mzee alikuwa amekwenda kuswali rakaa zake za asubuhi, na mlango haukuwa na mtu. Akavuta shati puani, akaingia, akamshika mwashi bega, akafunga koki. Akatoka. Mwashi alisema hakukaa humo hata muda wa kuvuta sigara.

Nilimwona akitoka. Alitembea vizuri, akaja mpaka mezani kwangu, akaegemea gunia. Nikaona midomo yake imebadilika rangi, kama aliyekula zambarau. Alitaka kusema kitu, akaonyesha mfuko wa shati. Nilitoa lile kopo, nikampulizia mdomoni kama tulivyoonyeshwa, mara moja, na tena, na tena, lakini hewa haikuwa inaingia, dawa ilitoka puani. Macho yake yalinitazama bila kupepesa. Hakuwa anakohoa hata kidogo. Nimeshawaona watu wakikohoa sana maishani mwangu. Kimya kile ndicho ninachokiogopa mpaka leo.

Waliomwinua ni wale wanawake wa mapipa. Yule aliyeniambia nina roho mbaya ndiye aliyeshika miguu. Mzee alitokea mbio, kanzu ameikunja mkononi, akatuingiza kwenye pikapu yake, akaendesha yeye mwenyewe hadi hospitali ya mkoa akipiga honi njia nzima. Walimchoma sindano, wakamvika hewa ya mtungi. Daktari wa pale alinitoa nje. Mzee alikaa nami chini ukutani, sakafuni, tasbihi mkononi haizunguki. Alisema jambo moja tu.

"Nilidhani kidogo ni kidogo."

Mchana waliniita. Alikuwa hai. Alikuwa amelala ameegemezwa, uso kama majivu, na alipoona mlango unafunguka aliinua kidole kimoja kunisalimu.

Chumba cha pili hakikumaliziwa na watu wetu. Mzee alirudisha bunduki Dar na kuwaleta watu wenye mashine na maski zao, wakafunga njia ile ya soko mpaka walipomaliza. Mwashi wa Kondoa hakuugua wakati huo wala baadaye. Mara ya mwisho kusikia habari zake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, mzima kama mpingo. Simwonei kijicho, ila nimewahi kukaa nikajiuliza ni nani anayegawa. Vyumba vile vya baridi vilifanya kazi miaka kadhaa, kisha umeme ukawa wa mgawo, nyama ikaoza humo humo, na Mzee akafa kabla hajajua aligeuze godauni kuwa nini.

Sisi tulihamia Kibakwe. Hewa ya milimani ni baridi na safi, maharage yanakubali. Mume wangu aliishi huko muda mrefu kuliko nilivyothubutu kuomba. Alirudia useremala, ila kwa mbao tupu, bila kupaka kitu. Vanishi hakuweza hata kufungua kopo lake. Dunia yake ikawa ndogo na yenye mipaka ambayo wengine hawakuiona. Duka la magodoro alilipitia upande wa pili wa barabara. Basi lililopakwa rangi upya aliliacha lipite, akangoja bovu. Alijua kitu kipo kabla yetu sote, akisimama ghafla njiani, ameinua uso kama swala, nasi tukisimama nyuma yake tukingoja atuambie kama tunaweza kuendelea.

Mwaka mmoja kanisa letu lilipata mabenchi mapya, mazuri, yamepakwa vanishi yakang'aa. Jumapili ya kuyafungua alivaa koti lake, akatembea na sisi mpaka mlangoni, akasimama. Watu walikuwa wanampita wakimsalimu. Aliniambia niingie na watoto. Yeye alikwenda kukaa nje chini ya dirisha, kwenye jiwe, na wimbo ulipoanza alitoa sauti yake ya chini kutoka huko nje, na waliokuwa karibu na dirisha wakageuka kutazama. Mchungaji alikuwa mgeni, hakujua. Baada ya ibada alinivuta pembeni, akaniuliza kwa upole kama mume wangu ana ugomvi na kanisa.